Kumsomesha, kumlea kazini au kumkabidhi madaraka: kiongozi aanze na lipi?

Una mtu katika kikosi chako ambaye unajua wazi anaweza kufika mbali kuliko hapo alipo. Ni mwepesi wa kushika mambo, wenzake wanamsikiliza, na kazi ngumu ikitokea ndiye anayeitwa. Ukimwacha palepale kwa miaka mingine mitatu atachoka, au atachukuliwa na mtu mwingine aliyeona uwezo wake. Swali linalomkwamisha mfawidhi wa zahanati, mwalimu mkuu, meneja wa SACCOS na mwenye gereji ya mafundi sita ni lilelile: nimpeleke chuo, nimweke chini ya mkongwe, au nimpe kazi kubwa sasa hivi ajifunze akiwa ndani yake?

Njia zote tatu ni za kweli, na kila moja imewahi kutoa watu hodari. Tofauti kubwa naiona katika kile kinachomtoka kiongozi mwenyewe. Ukimsomesha mtu unatoa fedha. Ukimlea kazini unatoa muda. Ukimkabidhi madaraka unatoa mamlaka yako, na hapo ndipo wengi wetu mkono huwa mzito. Naamini mfanyakazi hatambui kwamba anathaminiwa kwa kusifiwa kwenye kikao. Anatambua anapoona mkubwa wake ameachia kitu kwa ajili yake.

Vigezo vya kupimia

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. Kwanza, kiongozi anatoa nini hasa, pamoja na gharama zisizoandikwa kwenye bajeti. Pili, matunda yanaonekana lini. Tatu, ni wapi mambo huharibika. Nne, mhusika anabaki na nini mkononi, hata kama kesho atahamia kwingine.

Kigezo cha nne wakubwa wengi hukiruka, nami nakitetea kwa nguvu. Kiongozi anayepiga hesabu ya faida ya ofisi peke yake ameithamini kazi ya mtu, mtu mwenyewe bado. Anayeongozwa ana maisha yake, watoto wake, na miaka ya kazi itakayoendelea hata baada ya wewe kustaafu. Kumwendeleza ni pamoja na kumpa kitu cha kuondoka nacho.

Na kabla ya vigezo vyote, muulize mwenyewe. Kuna muuguzi ambaye hataki kabisa kwenda Dodoma miaka miwili akimwacha mtoto mchanga, na kuna fundi anayeota cheti tangu aache shule. Ukiamua bila kuwasikiliza utamwadhibu mmoja ukidhani unampa zawadi, na mwingine utampa kazi zaidi wakati alichokuwa akikiomba ni shule.

Njia ya kwanza: kumsomesha

*Kiongozi anatoa nini.* Ada, nauli, na mshahara unaoendelea kulipwa wakati mtu hayupo. Gharama inayosahauliwa ni pengo. Zahanati yenye wauguzi watatu ikimtoa mmoja, waliobaki wanabeba zamu zake, na uchovu wao nao ni gharama. Ndiyo maana kozi za jioni, za likizo, au masomo ya masafa kama yale ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, zimewasaidia wengi wanaosoma bila kuacha kazi. Mwajiri pia aangalie anacholipa tayari. Nchini Kenya, waajiri huchangia mfuko wa mafunzo ya viwandani unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo hayo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anayefundisha watu wake kwa kufuata utaratibu anaweza kudai kurejeshewa gharama. Tanzania nako kuna tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi chini ya mamlaka ya VETA. Wapo wanaolipa kila mwezi bila kuuliza fedha hiyo inaweza kuwarudia kwa njia gani.

*Matunda yanaonekana lini.* Polepole. Mwaka 1959 ndege iliyotafutwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wenzake iliwapeleka Marekani wanafunzi 81 kutoka Kenya, na misafara mingine ikafuata. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, aliondoka mwaka 1960 kwenda kusoma jimbo la Kansas, akarudi nyumbani mwaka 1966. Ni miaka sita ya kusubiri kabla nchi haijaanza kuona alichojifunza. Waliochangisha fedha za safari zile walikuwa wanaandaa watu wa kuendesha nchi ambayo hata uhuru wake ulikuwa haujapatikana. Anayemsomesha mtu kwa matumaini ya kuziba tatizo la mwezi ujao amechagua njia isiyo yake.

*Inapoharibika.* Hofu ya kwanza ya kila mwajiri ni kwamba mtu atamaliza chuo na kuhama. Hofu hiyo ina msingi, na mkataba wa maandishi unaosema atatumikia muda fulani baada ya masomo ni jambo la haki, mradi masharti yake yawe yanabebeka na yasomwe kabla ya kusainiwa. Lakini kwa ninavyoona, kinachowaondoa wengi zaidi ni kurudi na kukuta kiti kilekile, mshahara uleule, na bosi ambaye hajawahi hata kuuliza, “Umejifunza nini huko?” Mhasibu amesoma mifumo mipya ya hesabu, amerudi, anapewa tena daftari la stakabadhi. Hapo ofisi imelipa ada ya kumfundisha kwamba hapa hapatoshi.

Uharibifu mwingine ni upendeleo. Nafasi ya masomo ikitolewa kwa kujuana, au semina ikigawiwa kwa sababu ya posho, kikosi kizima kinajifunza kwamba bidii haina maana. Tangaza vigezo mapema, mbele ya wote.

*Mhusika anabaki na nini.* Hapa njia hii haina mpinzani. Cheti ni chake. Akihama mkoa, ofisi ikifungwa, bosi akibadilika, bado anacho.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye mlango wa mbele yake unafunguliwa kwa karatasi: muuguzi, mwalimu, mhasibu, fundi umeme anayehitaji leseni. Huyu hata umlee vipi kazini, bila cheti hapandi.

Njia ya pili: kumlea kazini

*Kiongozi anatoa nini.* Muda, na si wake peke yake. Mkongwe anayefundisha hufanya kazi polepole kwa sababu anaeleza kila hatua. Gari lililokuwa litoke gereji leo litatoka kesho. Mwenye gereji asipokubali hasara hiyo ndogo waziwazi, mkongwe atarudi kufanya mwenyewe na kijana atabaki kushika tochi.

*Matunda yanaonekana lini.* Mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu anayejifunza anazalisha huku akijifunza. Mfano ninaoupenda ni wa Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vibao vya dari, kwa rangi za kawaida zilizokuwa zinapatikana madukani. Mwaka 1972 alifariki. Ni takribani miaka minne tu. Lakini katika miaka hiyo alikuwa amekaa na vijana, wengi wao ndugu na majirani, wakiangalia anavyopaka usuli wa picha, anavyotoa chui au ndege kwa mistari michache, nao wakijaribu pembeni yake. Alipoondoka, walichora. Waliwafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo walisajili chama chao cha ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na hakujenga shule.

Nadhani siri ilikuwa kwamba hakuificha kazi yake. Fundi mwingine angechora akiwa amejifungia, akihofia wateja wake kuchukuliwa. Kwa kuwaruhusu vijana wachore kama yeye na wauze, alipata wachuuzi wa kushindana naye, na akapata warithi.

Na huyohuyo Wangari Maathai, aliyesomeshwa mpaka akawa daktari wa falsafa mwaka 1971, alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 hakuwapeleka wanawake wa vijijini chuo cha misitu. Walijifunza kuotesha miche kwenye vitalu vyao, kwa mikono yao, wakafundishana kijiji kwa kijiji, na walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliostawi. Malipo yalisubiri mche ushike. Hiyo ni namna ya kumwambia mtu kwamba unamwamini na kwamba kazi yake ina kipimo.

*Inapoharibika.* Sehemu tatu. Ya kwanza ni mkongwe kuficha ujuzi. Usimlaumu haraka: kama anaona kijana ataajiriwa kwa mshahara mdogo na yeye aachishwe, ana sababu ya kunyamaza. Mhakikishie nafasi yake kwa maneno na kwa malipo. Mpe posho ya kufundisha, na siku ya tathmini ya mwaka mhesabie kijana aliyemtoa kama sehemu ya kazi yake. Ya pili ni kurithi makosa. Mkongwe akiwa na tabia ya kuruka hatua za usalama, mwanafunzi ataziruka pia, na kwa kujiamini. Ya tatu inawaumiza zaidi vijana: uanagenzi usio na mwisho. Mwaka wa tatu bado anatumwa kununua spea na kuosha vyombo vya mafuta, na kila akiuliza anaambiwa avumilie. Andikeni orodha ya mambo anayopaswa kuyaweza, muiweke mahali panapoonekana, na kila analoliweza litiwe alama mbele ya mkongwe na kijana.

*Mhusika anabaki na nini.* Ujuzi wa mkononi, ambao ni mali kubwa, ila haujaandikwa popote. Kwa kiongozi anayejali, hapa pana jambo la kufanya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kile anachokiweza, anaelekezwa penye upungufu, anapewa cheti. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA kwa gredi. Mlipie fundi wako ada ya kupimwa. Ni fedha kidogo ukilinganisha na ada ya miaka miwili ya chuo, na inamwondolea unyonge wa kuitwa “fundi wa mtaani” huku akijua kazi kuliko waliosoma.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza kwa kutenda, mahali ambapo ujuzi uko kwenye mikono na macho ya watu waliopo: jikoni, kwenye ushonaji, gereji, shambani, chumba cha habari, hata darasani kwa mwalimu mpya. Inafaa pia pale ambapo mkongwe wako anakaribia kustaafu na anachokijua hakijaandikwa.

Njia ya tatu: kumkabidhi madaraka

*Kiongozi anatoa nini.* Fedha hazitoki, muda hautoki sana, lakini anatoa haki ya kuamua. Na pamoja nayo anatoa sifa, kwa sababu kazi ikifanikiwa watu watamtaja aliyeifanya.

Januari 1962, wiki sita baada ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Yeye akaenda kuzunguka nchi kukijenga chama chake, TANU. Kawawa aliongoza serikali mpaka Desemba mwaka huo, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Mambo mawili katika tukio hilo yanafaa kuangaliwa na kila mwenye kikosi. Nyerere aliondoka ofisini kweli. Hakukaa chumba cha pili akisahihisha barua za mwenzake, ingawa uongozi wa chama alibaki nao. Na Kawawa hakuokotwa njiani. Alikuwa ameongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu miaka ya 1950 na alikwisha kuwa waziri. Alikabidhiwa mzigo mkubwa mtu ambaye mizigo ya kati alikwisha ibeba.

Wapo waliokabidhiwa mapema zaidi. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Baadaye alikuja kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, waziri mkuu wa Tanzania, na katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Si kila kijana wa miaka 22 atabeba ubalozi, na sishauri mtu aige umri ule. Ninachokiona ni kwamba vipaji vingine huwa havionekani kabisa mpaka vipewe kazi inayovitosha.

*Matunda yanaonekana lini.* Haraka. Ndani ya wiki chache unajua kama mtu anaamua au anakwepa, kama anashirikisha wenzake au anawaamrisha.

*Inapoharibika.* Makabidhiano mengi huvunjika kwa sababu kilichokabidhiwa ni lawama peke yake. Mtu anaambiwa asimamie stoo, lakini ufunguo uko kwa bosi, kila ununuzi unasubiri sahihi ya bosi, na mzigo ukipungua anaulizwa yeye. Anayekabidhiwa apewe kazi yenyewe, mipaka yake (mpaka kiasi gani anaamua bila kuuliza), vifaa na fedha za kuitekeleza, na siku maalumu ya kuleta taarifa. Wenzake nao waambiwe, na wewe mwenyewe ukiwa umesimama mbele yao, kwamba katika jambo hili neno lake ndilo neno. Usipofanya hivyo watamzunguka na kuja kwako, nawe ukiwapokea utakuwa umemvunja.

Kukaimu nako kuna mtego. Mtu anashika nafasi ya mkubwa miaka na miaka bila barua wala nyongeza, kila mwaka akiambiwa utaratibu unashughulikiwa. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2017 imeweka kipimo: kukaimu kusipungue siku 30 na kusizidi miezi sita. Hata wewe usiye chini ya sheria hiyo, chukua roho yake. Weka tarehe ya mwisho, na siku ikifika, mthibitishe au mweleze kwa heshima sababu ya kutomthibitisha.

Zipo pia kazi zisizofaa kujifunzia kwa kukosea. Chumba cha kujifungulia, nyaya za umeme mkubwa na breki za basi havitoi nafasi ya pili. Huko mkabidhi mtu baada ya kulelewa, si kabla.

*Mhusika anabaki na nini.* Uzoefu wa kuamua, ambao haufundishwi darasani, na jina. Lakini jina lisiloandikwa husahaulika upesi. Mpe barua inayotaja alichosimamia na muda wake; atakapoomba kazi kwingine, barua hiyo itasema badala yake.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha ijua kazi, ana cheti chake au ujuzi wake, na kilichobaki ni kuaminiwa. Kwa mtu wa namna hii, kumpeleka semina nyingine ni kumchelewesha.

Ufanye lipi, kwa hali uliyonayo

Kama bajeti yako ni finyu na una mkongwe mmoja mzuri, anza na kumlea kazini, kisha tenga fedha ndogo ya kumpima na kumpatia cheti mwishoni. Zahanati, gereji na karakana nyingi za kwetu ziko hapa.

Kama mtu wako amezibiwa njia kwa kukosa sifa ya masomo, usimzungushe kwa vyeo vya heshima visivyo na ngazi ya mshahara. Tafuteni chuo chenye ratiba inayomruhusu kuendelea na kazi, na kabla hajaondoka kubalianeni kwa maandishi atarudi kufanya nini kipya. Kubadilisha majukumu yake siku ya kurudi ni sehemu ya gharama ya kumsomesha.

Kama una vijana watatu wenye uwezo na nafasi ya masomo ni moja, mmoja akienda chuo, wa pili mkabidhi sehemu ya kazi za anayeondoka kwa barua na posho, na wa tatu mweke chini ya huyo wa pili. Pengo la anayesoma linageuka kuwa darasa la waliobaki, na hakuna anayebaki akihesabu alivyonyimwa.

Kama umehamishiwa kituo kipya na huwajui watu, usikimbilie kumkabidhi yeyote jambo kubwa, wala usimsomeshe mtu kwa sifa ulizosimuliwa. Toa kazi ndogo kwa wengi, zenye mwanzo na mwisho: kuandaa ratiba ya zamu, kusimamia mahafali, kuhesabu stoo. Utamwona mwenyewe anayestahili zaidi, na mara nyingine atakuwa yule ambaye hakutajwa na mtu.

Kama unayemwongoza ni mtu mzima kuliko wewe, mwenye miaka ishirini kazini, mwendee kwa adabu inayomstahili na umwombe awe mlezi. Kumpa vijana wa kufundisha, pamoja na malipo ya kazi hiyo, kunamwendeleza yeye pia. Wengi wa umri huo hawajawahi kuulizwa wanachokijua.

Na kama umebakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu, huna tena muda wa kumsubiri mtu amalize kozi ndefu. Mteue mtu sasa, mkabidhi eneo moja lenye bajeti yake, kisha kila robo mwaka mwongezee jingine. Chukua likizo yako yote ukiwa bado mtumishi, na wakati huo usimpigie simu. Akikwama atakupigia yeye, nawe bado utakuwepo kumwelekeza.